Shairi la Msiba na Wanunuzi Wake

Jinsi mashairi yanavyouzwa nilijifunza mahali pawili. Pa kwanza palikuwa maktaba ya chuo mjini Washington, nilikokuwa nikiandika tasnifu juu ya washairi wa Kiingereza wa kipindi cha ulimbwende, miaka mia mbili hivi iliyopita: walivyochapishwa, walivyolipwa, na walivyopata sifa au kuikosa. Pa pili palikuwa kibanda cha kulipia maegesho chini ya jengo la ofisi huko Arlington. Maktabani nilisoma habari za watu waliokufa zamani. Kibandani alikaa mtu aliye hai, Mtanzania mwenzangu kutoka Tanga, ambaye watu wetu wa Virginia na Maryland walimjua kwa jambo moja: akifa mtu, yeye ndiye hutunga shairi.

Nilikuwa na kazi ya muda ghorofa ya juu ya jengo lile, ya kupanga mafaili ya kampuni ambayo mpaka naondoka sikuielewa ilikuwa ikiuza nini. Nikitoka kazini nilishuka chini kumwamkia kabla ya kwenda kupanda treni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, msomi wangu. Haya, marehemu wako wamesemaje leo?"

Nami nilimweleza. Nilimwambia kwamba vijana wale, ambao shuleni tulifundishwa kuwawazia wamesimama vilimani wakizungumza na mawingu, sehemu kubwa ya maisha yao walizungumza na wachapishaji. Wengine waliuza hakimiliki zao kwa kiasi kidogo, wakabaki kutazama watu wengine wakineemeka kwa jasho lao. Wengine walichapa kwa gharama zao, wakaishi na marundo ya vitabu visivyonunuliwa. Wako waliotegemea urithi, au rafiki mwenye uwezo, au kazi ndogo ya serikali, au makala za haraka za magazeti ambazo wasingependa zibebe majina yao. Na wako waliojidai kwamba mwungwana halipwi kwa ushairi, mpaka maisha yalipowafundisha adabu.

"Na hicho kipindi chao unakiitaje?"

"Ulimbwende."

"Walikuwa wakijipodoa?"

"Baadhi yao, ndiyo."

Alicheka mpaka akaegemea kioo. "Mimi sijipodoi, na nalipwa na maiti. Maiti hana ubishi wa bei."

Hakuwa akitania sana. Kwetu, mtu akifariki, jambo la kwanza ni mchango wa kusafirisha mwili. Kabla mwili haujaondoka, watu hukutana ukumbini, Waislamu na Wakristo, Watanzania na Wakenya, na siku hizi Wakongo pia. Kiongozi wa dini huomba, mwenyekiti wa jumuiya hutangaza kiasi kilichopatikana, kisha mjomba alisimama. Hakushika karatasi. Alighani kwa sauti ya chini, macho yameelekezwa mlangoni, na watu waliinua simu zao kumrekodi. Baadaye familia ilimpa bahasha mkononi, bila maneno. Waliobaki na rekodi waliandika shairi lile kwa kompyuta, wakalitia fremu, wakalitundika ukutani.

Nilisikia mashairi yake mara chache tu, tena nikiwa nyuma ya ukumbi kati ya watoto na sufuria za chakula, sauti ikinifikia vipande vipande. Vipande hivyo vilitosha kunifanya niamini kwamba katika kibanda kile alikaa mtu ambaye angepaswa kusomwa. Mara nyingi nilimwomba nakala.

"Sina," alisema kila mara. "Shairi la msiba likishatoka ni mali ya wafiwa. Utamdaije mtu kilio chake?"

Niliona huo ni unyenyekevu wa hali ya juu. Nilimlinganisha na wale wa tasnifu yangu, waliobishana na wachapishaji juu ya kila ukurasa, na nikampa yeye ushindi.

Kitu kimoja kati ya vyote nilivyomsimulia kilimshika. Nilimweleza kwamba zamani zile mshairi asiye na mfadhili aliweza kuorodhesha wanunuzi kabla kitabu hakijachapwa. Mtu alilipa mapema, na kitabu kilipotoka jina lake lilichapwa kurasa za mbele, mbele ya mashairi yenyewe, ili kila msomaji ajue ni nani aliyekiwezesha.

"Yaani analipia kitabu ambacho bado hakipo, kwa sababu jina lake litakuwamo?"

"Ndiyo, mjomba."

Alitafakari huku akimrudishia dereva mmoja kadi yake. "Hilo hapa lingewezekana kabisa," alisema. "Watu wetu majina yao wanayapenda kuliko mashairi."

Alifariki majira ya baridi, moyo ukiwa umemsimama ndani ya kibanda kile. Dereva aliyekuwa akisubiri kulipia alipiga honi, akapiga tena, kisha akashuka kuja kugomba. Alizikwa huku huku Virginia, kwa sababu aliwahi kumwambia mkewe asisafirishwe. Alisema ameghani mbele ya masanduku mengi yanayosubiri ndege, na hakutaka lake liwe mojawapo. Ukumbini, ulipofika wakati ambao kwa kawaida yeye alisimama, hakuna aliyesimama. Watu walitazamana. Mwenyekiti alikohoa, akatangaza kwamba chakula kiko tayari.

Wiki chache baadaye mjane wake aliniita kwao. Alikuwa mwanamke wa Tanga, msaidizi wa wazee katika nyumba ya kulelea huko Herndon, mwenye kusema taratibu kama anayechagua mchele. Binti yao wa shule ya sekondari alikuwa kwenye kochi, vidude vya muziki masikioni.

"Mume wangu alikuwa akinihadithia habari zako," mjane alisema. "Wewe na Waingereza wako na vitabu vyao. Alikuwa akisema ipo siku. Siku hiyo haikufika. Sasa nataka unitengenezee wewe."

"Kitabu cha mashairi yake?"

"Kitabu. Hitima ya mwaka isomwe kiko mezani, watu wakione, wakishike." Alipunguza sauti na kumtazama binti. "Huyu anadhani baba yake alikuwa mtu wa kufungua geti. Watoto wenzake wanamwambia hivyo. Nataka jina la baba yake liwe jina la mshairi. Sitaki kingine."

Nilikubali kabla hajamaliza. Nilikuwa nimehitimu na tasnifu ambayo ilisomwa na watu niliowalazimisha kuisoma, na hapa mtu aliniomba elimu yangu ifanye kazi ya kweli. Nilirudi nyumbani nikitembea kwa miguu sehemu ya njia, katika baridi, kwa furaha ambayo leo siikumbuki bila uzito.

Tulifuata njia ya wale wa zamani. Niliandika tangazo katika kundi la simu la jumuiya: anayetaka kitabu alipie sasa, na jina lake litachapwa kurasa za mbele. Marehemu alikuwa amewajua vizuri. Majina yalimiminika. Mmoja alitaka jina lake litanguliwe na Daktari, na mkewe akamuuliza mbele ya watu wote amemtibu nani. Mwingine aliuliza kama anaweza kuweka na namba ya biashara yake ya kusafirisha makontena. Mwenyekiti aliniandikia faraghani: "Mwanangu, mimi kama mwenyekiti nakaa wa kwanza, au mnafuata alfabeti?" Nilimjibu kwamba tunafuata alfabeti. Alinyamaza siku nzima kabla ya kulipa.

Lakini mashairi hayakuwapo. Nakala zote zilikuwa kwa wafiwa, hivyo nilianza kwenda nyumba hadi nyumba kuzikusanya.

Nyumba ya kwanza ilikuwa Herndon, ya mama mmoja wa Kitanzania ambaye mwanawe wa pekee alifariki katika ajali akienda kazini uwanja wa ndege. Shairi lilikuwa juu ya televisheni, ndani ya fremu ya dhahabu, na jina la mwanawe limeandikwa kwa herufi kubwa katika ubeti wa kwanza. Alinipa ruhusa ya kulinakili. Nilipofika ubeti wa pili niliandika:

Kiti chako ki mezani, chai yako imepoa,
Viatu vi mlangoni, nani atavichukua?

Nilikuwa nimesoma maombolezo mengi ya lugha mbili. Machache yalikuwa na utulivu ule, ambao hautaji kifo hata mara moja.

"Unajua kwamba sikumwambia?" mama alisema nyuma yangu. "Asubuhi ile mwanangu alichelewa. Aliiacha chai hapo hapo mezani. Sikumwambia mtu yeyote. Yule baba alijuaje?"

Nilisema kwamba labda hiyo ndiyo kazi ya mshairi, kujua asichoambiwa. Alitikisa kichwa kwa kuridhika, akanikatia kipande cha pili cha keki.

Nyumba ya pili ilikuwa Sterling, ya Mkenya mmoja kutoka bara, fundi katika yale majengo makubwa yasiyo na madirisha ambamo kompyuta hukaa kwenye baridi usiku na mchana. Mkewe, muuguzi, alikufa kwa saratani. Shairi lake lilikuwa limetiwa plastiki, liko ndani ya Biblia. Aliitoa karatasi kwa vidole viwili na kunikabidhi. Kiti kilikuwa mezani. Chai ilikuwa imepoa. Viatu vilikuwa mlangoni.

"Siku ya mwisho aliomba chai," alisema. "Ilimshinda kumeza. Mzee aliimaanisha hiyo."

Nililinakili lote, neno kwa neno, kwa sababu sikujua la kufanya na macho yangu.

Nilikwenda nyumba nyingine Manassas, nyingine Silver Spring ng'ambo ya Maryland, na nyingine tena. Katika nyumba chache nilikuta mashairi tofauti, mengi ya harusi na ya kumkaribisha balozi, ya kawaida, yaliyotungwa na mtu aliyechoka. Katika nyumba za misiba nilikuta lile lile, ambalo ukumbini, kwa sauti yake ya chini na vilio vya watu, hakuna aliyewahi kulilinganisha. Polepole niliona ufundi wake. Mstari wa jina uliachiwa nafasi ya mizani nne. Jina la mizani nne lilikaa peke yake. La mizani tatu lilitanguliwa na "e". La mizani mbili lilitanguliwa na "mama", "baba" au "ndugu". Vina havikutikisika hata mara moja. Kama fundi nguo aliyeacha upindo wa kutosha, alikuwa ameliacha shairi liweze kumkaa maiti yeyote.

Na kila familia ilikuwa na chai yake. Hilo ndilo lililonisumbua kuliko yote. Sikukutana na mtu hata mmoja ambaye hakukumbuka kikombe.

Nilimwendea mjane. Alikuwa akipiga pasi sare yake ya kazi. Nilijaribu kuanza kwa mbali, nikizungumzia matoleo na nakala, na yeye alinisikiliza bila kuinua macho mpaka nilipokwama.

"Umelikuta la mama yake," alisema.

"La mama yake nani?"

"Wake. Mama mkwe wangu." Aliisimamisha pasi wima. "Alipofariki Tanga, mume wangu karatasi zake za ukaazi zilikuwa bado. Angetoka hapa, asingerudi. Basi alizika kwa simu. Alikaa hapo chini, mgongo kwenye friji, simu ameiweka spika, anasikia watu wanavyotupia udongo. Mtu mmoja kule akamwambia, subiri, mtandao unakatika. Ndipo alipolitunga. Hakumsomea mtu. Kiti kilikuwa cha mama yake, na ile chai ni mimi niliyeambiwa na mawifi kwamba waliikuta."

"Kisha akaanza kuwapa watu?"

"Jirani alifiwa na mumewe, akaja kulia hapa. Mume wangu alitaka kumtungia lake, lisije. Akampa hilo. Na yule aliyefuata, vivyo hivyo. Aliniambia, mke wangu, kila nikiuliza msiba, linanijibu hilo hilo." Akarudi kwenye sare. "Kulia alilia mara moja. Huko kwingine alikuwa akienda kazini."

Nilichokuwa nimekihofia kuwa utapeli kilikuwa shairi moja la kweli la mtu ambaye hakuwahi kupata la pili, na hali yake ya maisha ilimtaka alitoe tena na tena. Wale niliowasoma maktabani walikuwa na majina ya heshima kwa mambo kama hayo. Walirudia beti, waliuza kipande kimoja mahali pawili, waliandika kwa kuagizwa. Hakuna anayewacheka leo, kwa sababu wapo waliowapangia sifa yao baada ya kufa.

"Sasa kitabuni tutafanyaje?" mjane aliuliza. "Hao wako, wakifa na mambo kama haya, wake zao walifanyaje?"

"Wengi walisafishwa," nilikiri. "Wajane na marafiki waliondoa yaliyoaibisha, wakapanga barua, wakaandika dibaji nzuri. Jina likatoka safi."

"Basi na wewe muoshe."

"Kumwosha ni kuliondoa shairi hili. Na tukiliondoa, kitabu hakina kitu, mama. Yaliyobaki ni ya harusi na mabalozi. Tena waliolipia, wamelipia kwa ajili yake. Kila mmoja anatarajia kufungua kitabu na kumkuta mtu wake."

"Tuyaweke yote, kila moja na jina lake?"

"Wataona yamefuatana ukurasa kwa ukurasa."

Nilisema kile nilichokuwa nimekwisha kukiamua moyoni njiani, kwamba lichapwe mara moja tu, kwa jina la mama yake, na dibaji ieleze lilivyozaliwa na kwa nini liliazimwa. Nilisema ukweli ungemheshimu kuliko ujanja wowote. Nilisema watu wanaweza kuubeba. Nilisema mengi, nilikuwa na umri wa kuamini kwamba jambo likielezwa vizuri hupokewa vizuri.

"Wewe ndiye uliyesoma," alisema hatimaye. "Lakini usiwaache wakutane nalo kitabuni. Nenda ukawaambie kwa mdomo, nyumba kwa nyumba, kama ulivyoyachukua."

Nilianza Sterling, nikidhani ndiko kwepesi. Yule Mkenya alinisikiliza, akakuna kidevu, kisha akacheka, kicheko kilichokuwa na machovu ndani yake.

"Sasa wewe unashtuka nini? Hata jeneza nilichagua kwa katalogi. Ukurasa wa tatu, wakaniuliza rangi gani. Pasta naye hakuandika Zaburi mpya. Si shairi lilinisaidia? Limenisaidia. Wacha kusoma sana, msichana, utaumwa kichwa."

Nilimshukuru kwa dhati. Nilipofika mlangoni aliongeza, "Lakini wasee wa jumuiya wakisikia hii, watamchoma vibaya na utani." Naamini hakukusudia ubaya. Jumamosi ya wiki ile alimsimulia shemeji yake kwenye nyama choma kama kichekesho, na shemeji akamrekodia mtu mwingine ujumbe wa sauti.

Kwa hiyo nilipofika Herndon, habari zilikuwa zimenitangulia. Mama yule alinifungulia bila kunikaribisha. Fremu ilikuwa imeshushwa. Ukutani palibaki mraba uliong'aa kuliko sehemu nyingine. Fremu yenyewe ilikuwa mezani, imelala kifudifudi.

"Ni kweli?" aliuliza.

"Ni kweli, mama. Lakini nisikilize. Alilitunga kwa ajili ya mama yake mwenyewe, na—"

"Basi ile chai ilikuwa ya nani?"

"Ya mama yake."

"Ya mwanangu haimo."

Nilijaribu. Nilisema kwamba huzuni ya mtu mmoja inaweza kuwa nyumba ya watu wengi, na kwamba hakupewa kitu hafifu bali kile cha thamani kuliko vyote alivyokuwa navyo mtu yule. Bado nadhani yalikuwa maneno ya haki. Aliyaacha yapite kama mtu anayepisha gari.

"Hapa Marekani hakuna aliyemjua mwanangu," alisema. "Kazini walimwita kwa jina walilolikata. Polisi waliniuliza kama nina hakika ndiye. Mimi nikikaa hapa nikisoma yale maneno, nilikuwa nasema, yupo mtu mmoja, mmoja tu, aliyemwona. Aliyemwangalia sawasawa. Na wewe umekuja kuniambia hakuna."

Kisha akaniomba jina lake liondolewe kwenye kitabu. Nilitaka kumrudishia malipo yake pale pale. Alikataa kuyagusa, akafunga mlango taratibu, kwa heshima, na hilo liliniumiza kuliko kama angeubamiza.

Baada ya hapo sikuhitaji kwenda kokote. Ujumbe wa sauti ulizunguka katika makundi yote. Watu walilinganisha picha za fremu zao, wakaziweka kando kwa kando, na mtu akabuni jina: mshairi wa fotokopi. Kulikuwa na waliocheka, na waliolia, na waliosema kwamba maiti wao aliibiwa. Mwenyekiti aliandika kwamba jumuiya haihusiki na kitabu hicho, na ingawa sikumwekea nafasi ya kwanza, nilimwona akiipata sasa. Waliojitoa walijitoa kwa wingi, kila mmoja akitangaza hadharani, kama vile walivyojiandikisha. Daktari alikuwa miongoni mwa wa mwanzo.

Tulichapa nakala chache kwa mtu wa kalenda na kadi za harusi. Kurasa za mbele, zile za majina, zilitoka karibu tupu. Nilipendekeza tuziondoe, mjane alisema ziachwe, watu waone nani alibaki.

Hitima ya mwaka ilisomwa nyumbani kwake. Alikuwa amepika kama mtu anayesubiri ukumbi mzima: sufuria mbili za pilau, kachumbari ndani ya beseni, sambusa zilizopangwa juu ya trei. Vitabu viliwekwa mezani karibu na chetezo. Walikuja majirani wachache, wenzake wawili wa kazini, na yule Mkenya wa Sterling, aliyevaa suti, akakaa pembeni akitazama viatu vyake. Alilipia nakala mbili na hakusema utani. Shehe alisoma, akaomba, akala, akaondoka. Kati ya waliobaki, hakuna aliyeshika kitabu. Watu walisogeza sahani zao wakikizunguka, kama ambavyo watu huzunguka kitu kilichomwagika.

Binti alikichukua kimoja alipokuwa akisafisha meza. Alikipekua haraka, akasimama kwenye shairi lile, midomo ikicheza. Kiswahili alikielewa, kukisoma kulimchukua muda. Akamuuliza mama yake, kwa Kiingereza, aliyetajwa ni nani.

"Bibi yako."

Binti akauliza, kwa Kiingereza tena, kama hili ndilo shairi la ile video ambayo watu shuleni wametumiana, ambamo baba yake anaghani kwenye misiba tofauti, mistari imeunganishwa ili watu wacheke.

"Ndilo," mama alisema.

Binti alikiweka kitabu mahali pake, akakinyoosha kilingane na vingine, akabeba glasi kwenda jikoni. Tulisikia bomba la maji likifunguliwa.

Mjane alianza kukusanya vitabu. Nilimsaidia kuvitia kwenye boksi alimoletewa sambusa zilizogandishwa. Nilitaka kusema kwamba wale niliowasoma, wengi wao walizikwa wakiwa wanachekwa, na kwamba sifa huja kwa miguu yake yenyewe, polepole. Nilikuwa na mifano. Nilimtazama akikandamiza kifuniko cha boksi kwa viganja, nikamshikia upande wa pili.

"Sikulaumu," alisema. "Ungelichapa vingine, ungekuwa umesema uongo, na mimi ndiye niliyekubali. Lakini nakuomba jambo moja. Najua wewe utaandika. Watu wa aina yako hamwezi kuacha. Ukimwandika, usilitaje jina lake. Watu wakilisahau kidogo, pengine watamwacha. Huyu mtoto amalize shule."

"Nilidhani ulitaka jina lake liwe la mshairi."

"Nilitaka." Alishusha boksi sakafuni, akalisukuma kwa mguu chini ya meza ya kupigia pasi. "Subiri nikufungie pilau. Watu hawakuja, chakula kitaharibika."

Nilimwahidi kwamba jina sitalitaja. Alinijazia mkebe mpaka ukakataa kufunga, akaufunika kwa karatasi ya foili, na akanisindikiza hadi kwenye lifti.